Hatuvunji, Tunafungua: Maisha ya Mokami Nchagwa, Fundi Sanifu

Mchungaji wetu, wazee wa Nyakunguru mliotupa mke, wazee wa Sirari na ndugu mliovuka mpaka tangu juzi, viongozi wa serikali, mafundi wenzake marehemu, na ninyi nyote mlioacha mashamba na maduka yenu mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili, poleni na asanteni. Mimi ni Nashoni Opondo, mdogo wake Okinyi, na marehemu alikuwa shemeji yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Familia ilipokaa kuchagua wa kusoma maisha yake, wapo waliosema nisipewe mimi kwa kuwa mdomo wangu una utani mwingi, lakini kaka yangu akasema mwacheni, hata marehemu mwenyewe alikuwa akimkemea huku anacheka, kwa hiyo nitasoma, na nikiteleza mnivumilie.

Marehemu Mokami Nchagwa Mwikwabe alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 katika kijiji cha Nyakunguru, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Nchagwa Mwikwabe na mama Wegesa, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alikua akichunga, akilima na kuchota maji kama watoto wenzake, mgodi mkubwa wa dhahabu ukiwa haujaja, na mara nyingi alitusimulia jinsi baba yake alivyouhamisha mji wake kutoka bondeni kwenda mlimani, akazing'oa nguzo za nyumba moja moja, zilizo nzima zikabebwa mabegani kwenda kujengea, zilizoliwa na mchwa zikawa kuni, na nyasi za paa zikatandikwa zizini. Shemeji alikuwa akisema kwamba miaka ile hakuna aliyeliita jambo hilo sera, wala hakuna aliyelipwa posho ya kulijadili.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1973 katika shule ya msingi ya kijijini kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1979, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana mjini Musoma, ambako alisoma kuanzia mwaka 1980 hadi 1983, kisha mwaka 1984 akajiunga na chuo cha ufundi mjini Mwanza, akasomea ujenzi kwa miaka mitatu, wasichana wakiwa wawili tu katika darasa zima. Wazee wenzake mzee Nchagwa walimwuliza kama kweli atakubali binti yake apande juu ya mapaa ya watu, naye akawajibu kwamba ni vizuri apande, akiwa huko juu atamsaidia kuona ng'ombe wamekwenda wapi. Alihitimu mwaka 1987 akiwa fundi sanifu, na cheti chake kimekaa ukutani sebuleni kwake mpaka leo.

Tarehe 1 Machi 1988 aliajiriwa Mugumu, wilaya ya Serengeti, kusimamia ujenzi na ukarabati wa majengo ya umma, na huko ndiko alikokutana na kaka yangu Okinyi, ambaye wakati huo alikuwa akisafirisha mabati kutoka Sirari na kuyauza katika minada na masoko. Okinyi alileta mzigo kwa ajili ya zahanati iliyokuwa ikijengwa, shemeji akalipiga bati la kwanza kwa kidole, akalisikiliza, akamwambia, "Hii sio bati kaka, hii ni karatasi, rudi nayo." Kaka yangu alirudi nayo kweli, akasonya njia nzima mpaka Tarime, lakini wiki iliyofuata akaja na mabati mazito, na wiki ya tatu akaja bila mabati yoyote, ndipo sisi nyumbani tukajua kwamba kuna jambo.

Siku hizo Mjaluo wa Sirari kwenda kuposa Nyakunguru halikuwa jambo dogo, pande zote mbili walikuwapo waliokunja uso, na kwa kuwa Wakurya hawamtoi binti kwa salamu tupu, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa vijana walioswaga ng'ombe kupandisha mlima hadi kwa mzee Nchagwa, tukapokewa kwa maswali mengi kuliko maji. Ndoa ilifungwa kanisani Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1991, na Mungu akawajalia watoto watatu, Joel aliyezaliwa mwaka 1992, Everlyne Abonyo aliyezaliwa mwaka 1995, na Sarah aliyezaliwa mwaka 2000. Watoto hawa watatu, na wanisahihishe kama nadanganya, walijua kunyoosha misumari kabla ya kujua kusoma, maana mama yao alikuwa akirudi kutoka kazini na ndoo ya misumari iliyopinda, anaiweka uani, na kila mmoja anapewa jiwe lake.

Sasa nieleze kazi ambayo wengi wenu mlimjua nayo. Mwaka 1998 lilibomolewa jengo moja kuukuu la umma, mkandarasi akalipiga nyundo kubwa kuanzia asubuhi, mbao za mvule zikavunjikavunjika na kwenda kupikia pombe, kifusi kikamwagwa korongoni kikaziba maji ya mvua, na milango mizima ikapotea kimyakimya, kwa maana milango ya serikali ilikuwa na tabia ya kuhamia kwenye nyumba za watu. Kilichomuuma ni kwamba mwezi uleule alikuwa ameandika kuomba milango kwa ajili ya nyumba ya mwalimu, akajibiwa hakuna. Aliomba jengo litakalofuata apewe yeye, na mwaka 2006 alipopewa ghala bovu kule Manchira, aliwakusanya mafundi wake akawaambia, "Hatuvunji, tunafungua." Waliteremsha bati moja baada ya lingine, wakang'oa madirisha na fremu zake, wakatenganisha matofali mazima na yaliyovunjika, yaliyovunjika wakayaponda na kuyashindilia chini ya sakafu ya nyumba ya mhudumu wa pampu ya maji, na ghala lile likaisha bila lori hata moja la kifusi kutoka pale.

Kaka yangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa amefungua duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na la kusema, kwamba yeye anauza mabati mapya na mke wake anawafundisha watu kutumia ya zamani, "mama Joel, wewe unaniharibia biashara mchana na unakula ugali wangu jioni." Marehemu alimjibu kwamba watakaookoa fedha kwenye mabati watakuja kununua rangi, na sitaki kumpa ushindi kaka yangu leo, lakini rangi ilinunuliwa sana.

Mwaka 2013 aliomba uhamisho kuja Tarime ili awe karibu na wakwe zake na wazazi wake waliokuwa wamezeeka, na huku alianza kazi ya kuifanya tabia yake kuwa sheria, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba kila alipohama, milango nayo ilihama. Alizunguka kwa madiwani mmoja mmoja, alivumilia vikao ambavyo hoja yake iliwekwa mwisho mpaka watu wakawa wamechoka, na mwaka 2016 Baraza lilipitisha sheria ndogo ya kutumia tena vifaa vya ujenzi, ikielekeza kwamba jengo la umma lisibomolewe kabla ya kukaguliwa, kilicho kizima kifunguliwe kwa mikono na kuhifadhiwa, mkandarasi aonyeshe kifusi chake kimekwenda wapi kabla ya malipo ya mwisho, na anayeomba kazi akionyesha atakavyotumia mabaki apewe nafasi mbele ya asiyeonyesha. Mle ndani kulikuwa na mstari mmoja alioupenda sana, unaosema kwamba mabaki ya machimbo ya karibu yatumike pia, kwa maana aliwaza yale mawe yanayotupwa vilimavilima, kokoto ya bure kabisa, na shule za kata za machimbo zilikuwa zinajengwa kwa kokoto ya kununua.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo pagumu, na familia imekubaliana nisiparuke, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kuparuka. Mwaka 2018 shule moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa walimu wake tunao hapa, ilikuwa inamaliza madarasa mawili, na mkandarasi aitwaye Simioni alileta rundo la mchanga wa kijivu kwa ajili ya kupiga lipu. Shemeji alipofika kukagua aliuliza umetoka wapi, Simioni akasema, "Ni mabaki ya machimbo mama, si ndio sheria yako imesema?" na yeye akadhani ni vumbi la kokoto iliyopondwa, akafurahi, akaweka sahihi. Ile furaha ya kuona neno lake linatembea lenyewe ilimfumba macho, maana binti wa Nyakunguru hakupaswa kuambiwa na mtu kwamba ule ulikuwa marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha, ukaoshwa, ukachanganywa na zebaki ili kukamata dhahabu, kisha ukatupwa.

Madarasa yalifunguliwa, na baada ya wiki chache kuta zikaanza kuisha. Walimu walidhani kwanza ni mbuzi wanalamba chumvi, kisha wakadhani ni mchwa, mpaka mwalimu mkuu alipofika mapema asubuhi moja akawakuta wazazi wa wanafunzi wanakwangua ukuta kwa visu na kukinga kwa karai, kwa sababu mtu wa machimboni akiuona mchanga wa marudio anajua kuna chembe ilibaki, na habari zilikwisha kuenea kwamba shule ina dhahabu. Tulicheka sana tulipoisikia habari hiyo, mimi mwenyewe nilisema hakuna shule katika nchi hii inayopendwa na wazazi kama ile, na hata marehemu alicheka, mpaka bwana afya wa kata, ndugu Athanas, alipomfuata ofisini akamwuliza kwa upole kama anajua kilichomo kwenye mchanga unaovutwa puani na watoto wanaokaa chini ya kuta zile.

Watoto walipimwa. Wengi hawakuonekana na tatizo, lakini mtoto wa darasa la pili aitwaye Irine, aliyekuwa akikaa dawati la ukutani na kumega lipu kwa penseli na kuila kama watoto wanavyokula udongo, alikutwa na zebaki mwilini, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka anapoandika. Shemeji alikwenda mwenyewe kwa mama wa Irine, dada Elieth, akamweleza, na dada Elieth akamwuliza jambo moja tu, "Mama, si wewe ndio ulikuja hapa kwenye mkutano ukasema hizi kuta ni nzuri?" Akajibu ndiyo, ni mimi.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2019, na Baraza lilikuwa linakaa mwezi unaofuata. Wenzake walimshauri amwache Simioni abebe mzigo, kwa kuwa ndiye aliyeleta mchanga, na walikuwa na hoja, maana mle barazani walikuwapo waliokuwa wakiisubiri sheria ile ijikwae ili waizike, wengine kwa kuwa ndugu zao walikuwa na malori ya kifusi, wengine kwa sababu ya milango. Mimi nilikuwapo jioni ile kaka yangu alipomwambia, "Ukisimama useme ni kosa lako, kazi yote ya miaka hii imekwenda," na yeye alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa, akasema, "Sheria wataandika nyingine. Huyo mtoto, mwingine watamwandika wapi?"

Alisimama Baraza la Februari akasema mstari ule aliuandika yeye, mchanga ule aliukagua yeye, sahihi ni yake, na akaomba yeye mwenyewe sheria isimamishwe mpaka itakapofanyiwa marekebisho. Ilisimamishwa siku hiyohiyo, na wapo waliopiga meza kwa furaha. Kwa maelekezo ya wataalamu lipu ile ililoweshwa ili isitimue vumbi, ikabanduliwa yote, ikafukiwa kwenye shimo lililosakafiwa na kufunikwa kwa zege, watoto wakasomea kanisani muda wote huo, na shemeji alikuwa pale kila siku amefunga pua na mdomo pamoja na mafundi. Baada ya hapo aliondolewa kwenye usimamizi, akawekwa ofisini, na mbele ya jeneza hili sitasema uongo kwamba alipokea kwa utulivu, alilia, alinuna, alikaa miezi hataki kusikia neno jengo, na kilichomtonesha zaidi ni kusikia kwamba milango imeanza kuhama tena.

Lakini kila likizo ya shule, yeye na Athanas walikwenda kumchukua Irine kumpeleka kupimwa, na mama yake alimtoa mtoto amevaa vizuri, amekula, ila hakumpa shemeji salamu. Ninyi nyote mnajua uzito wa jambo hilo, mwanamke aliyekuzidi umri kwa mbali anaingia uani mwako nawe hufungui mdomo kusema shikamoo. Safari moja gari lao liliharibika nikawapeleka mimi, tukafika, dada Elieth akanipa mimi shikamoo, akampa Athanas, akatuletea viti viwili, na shemeji akabaki amesimama na mkoba wake. Nilitaka kuinuka nimpishe, akanikazia macho nikae. Tulipokuwa tunarudi nilisema maneno makali kuhusu mwanamke yule, naye akanikatiza, "Mwache, Nashoni. Siku akinisalimia kwa adabu tu, ujue amemkatia tamaa mtoto." Sikumwelewa siku ile.

Mwaka 2022 sheria ilirudishwa, na safari hii ilikuwa na kifungu kipya kisemacho kwamba hakuna kifaa kilichotumika wala mabaki ya machimbo kitakachoingia katika jengo lolote kabla ya kujulikana kilikotoka na kupimwa, na kwamba wazazi wanaojengewa wawe na mtu wao wa kuuliza swali hilo getini. Shemeji alirudishwa kwenye usimamizi, na katika shule ile, wazazi walipoambiwa wamchague mtu wao, wakamchagua dada Elieth. Huyo mama, na anisamehe kama ananisikia, hakuna dereva wa lori asiyemkumbuka. Alisimama njiani akauliza kila mzigo umetoka wapi, nani ameupima, mbona una rangi hii, na mara moja alirudisha lori la mawe ambalo shemeji alikwisha kulipitisha, akamwambia dereva, huku marehemu amesimama palepale, "Mwambie huyo aliyekutuma hii mawe haingii." Shemeji akamwambia dereva geuza. Mawe yalipimwa yakaonekana ni mazuri, yakarudi baada ya wiki, na jioni ya siku lori lilipogeuzwa, shemeji alifika nyumbani akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuliposwaga wale ng'ombe.

Na mtoto alipona. Kila kipimo kilionyesha zebaki imepungua kuliko mara iliyopita, mkono ukatulia, na mwezi Aprili mwaka 2024 daktari akasema hakuna sababu ya kumrudisha tena. Irine yuko sekondari sasa, anaandika vizuri. Shemeji alimrudisha nyumbani kwa mara ya mwisho, akamkabidhi kwa mama yake, akaeleza aliyosema daktari, dada Elieth akamshika mtoto mkono wakaingia ndani, na shikamoo hakuitoa. Hapo ndipo shemeji alipoumia kweli, kwa sababu miaka yote ile alikuwa amejiambia kwamba mama anasubiri mtoto apone. Alistaafu kazi tarehe 9 Juni mwaka huohuo, tukamfanyia sherehe ndogo, akashukuru, akacheka na watu, na wageni walipoondoka akaniambia kwamba kazi zote amezikabidhi isipokuwa moja, na hajui aikabidhi kwa nani. Nilijua anaisema ile shikamoo ya dada Elieth.

Kuhusu ugonjwa, tunapenda ieleweke vizuri, kwa sababu tangu Jumanne yapo maneno yanayopita katika vikundi vya simu na hata hapa uani, wapo wasemao zebaki ya kuta zile ndiyo iliyomwua, wapo wasemao ni vifaa vya majengo ya kale ambamo watu walifia, kwamba ukivigusa vinakufuata. Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2011, miaka saba kabla ya lipu ile, akaishi nacho kwa dawa na kwa ukaidi, mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa, na kuanzia Oktoba 2024 alikuwa akienda Mwanza kusafishwa damu. Madaktari walimpima pia zebaki kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba, hawakuikuta. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuchukua kifo chake na kukifanya sababu ya kubomoa alichokijenga, wala mkandarasi wa kutuambia kwamba sheria ile ina nuksi, ukitaka kujua nuksi ya sheria ile angalia ni nani anayetaka ife.

Wiki ya kwanza ya mwezi huu hali yake ilibadilika, akalazwa Mwanza, watoto wake wote watatu wakafika, na Jumanne ya tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa amemshika mumewe mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, ndugu wa Nyakunguru, na sisi shemeji zake ambao hatutapata mwingine wa kutukemea namna ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi yote hiyo, waliomwita mama na siyo namba ya kitanda. Tunawashukuru majirani wa hapa Sirari, waliotuletea maji, viti na kuni kabla hata hatujaomba, ndugu wa ng'ambo waliolala kwenye magari yao, wafanyakazi wenzake wa Tarime na wale waliotoka Mugumu, na mafundi aliowafundisha, ambao jana waliingia kwenye ghala la kaka yangu, wakapanga upya mabati yake bila kutumwa, kwa kuwa hawakujua wafanye nini na mikono yao. Ndugu Athanas, bwana afya, Mungu akulipe, wewe ulimwambia ukweli ukiwa umekaa naye peke yake.

Nina shukrani moja nyingine, nayo haikuandikwa na kikao cha familia, nimeiongeza mwenyewe asubuhi ya leo. Jumatano alikuja hapa mama mmoja ambaye hakuna aliyemwalika, amebeba sufuria yake kichwani na ameongozana na binti yake, hakuja mbele kukaa na waombolezaji, alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunga kanga kiunoni, akawasha moto. Chakula mlichokula tangu siku hiyo hadi leo, uji wa wagonjwa, ugali wa wachimba kaburi, chai ya wageni wa mbali, amekipika yeye, na wake zetu wakimwambia apumzike anasema bado. Jana walimwuliza, mama tusamehe, wewe ni nani wa marehemu? Akageuza ugali, akasema, "Mimi ni yule niliyemnyima shikamoo." Kisha jioni, jeneza lilipoingia uani kutoka Mwanza, alitoka jikoni na mikono yake ya unga, watu wakampisha, akapiga magoti chini, akaitoa kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Shemeji yangu Mokami, mimi nilikuwapo, nimeisikia kwa masikio yangu. Kalale kwa amani.